Jinsi Mama Mkwe Alivyoteremshwa Kilimani Bila Kuguswa

Sogeeni, enyi wakazi wa Joubert Park, ninyi mnaokaa ghorofa ya saba na lifti imekufa, wasusi na wauza nyanya, walinzi wa malango na washona nguo, Wakongomani na Warundi, nanyi Watanzania mnaodhani Kiswahili ni shamba la baba yenu. Sogeeni, zimeni redio, mwambieni mtoto apunguze katuni. Nina habari ya kuwapa, nayo ni nzito kuliko jiko la gesi linalopandishwa ngazi. Nitasimulia juu ya kilima na mvua, juu ya mwavuli uliokufa kishujaa na koti lililovutwa pande mbili. Nitamtaja shujaa kwa jina lake na kwa kazi yake, wala sitapunguza neno, ila pale nitakapoongeza. Mimi mwenyewe sikuwapo. Nilikuwa chini ya blanketi, kama mtu yeyote mwenye akili. Lakini nimewahoji wote waliokuwapo, kila mmoja peke yake, na pale uongo wao ulipokutana ndipo nilipookota ukweli.

Ilikuwa Julai ya mwaka elfu mbili na kumi na saba, wakati baridi ya Johannesburg inapomwingia mtu mpaka ndani ya meno. Katika siku hizo aliishi Ezéchiel, mwana wa Likasi, fundi wa nguo, Bwana wa Sindano na Uzi, ambaye cherehani yake ilinguruma kando ya bustani tangu asubuhi hata jua kuchwa, na ambaye suruali alizozipunguza kiuno, kama zingetandikwa moja moja barabarani, zingefika Park Station na kurudi. Huyo Ezéchiel alikuwa na mke, jina lake Carmel, na Carmel alikuwa na mimba ya miezi sita. Ndipo kutoka Likasi, kwa basi, akivuka mipaka mitatu bila kulala wala kumsamehe dereva, akaja Mama Marcelline, mzazi wa Carmel, Malkia wa Vitenge Viwili, mwanamke ambaye wauza samaki wa kwao humtajia bei ya mwisho kabla hajauliza ya kwanza.

Alikuja kwa jambo moja, na alilisema siku ile ile aliyofika, mkoba bado mapajani.

"Carmel, mwanangu, mimi nimekuja kuangalia. Nikiona mume wako anaweza kukutunza, utazalia hapa. Nikiona hawezi, Jumatatu ya juma lijalo tunapanda basi sisi wawili, utazalia kwetu, na yeye mtoto atamwona kwa simu."

Ezéchiel aliyasikia hayo akiwa nyuma ya mlango, pini mdomoni, na moyo wake ukashuka mpaka kwenye soksi. Kwa maana nguo za mtoto alikuwa amekwisha kuzishona, ndogo ndogo, na kila jioni alizikunjua akazitazama, akazikunja tena. Alitaka mtoto huyo azaliwe yeye akiwapo, kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani. Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kubembelezwa, na hata kama angekuwa, Ezéchiel asingeweza kumbembeleza.

Hapa, wasikilizaji wangu, lazima niwakumbushe sheria, maana watoto waliozaliwa huku wanadhani mama mkwe ni mtu wa kukumbatiwa tu mlangoni. Kwa watu wa kwao Ezéchiel, mkwe na mama mkwe hawagusani hata kidole. Hamwiti jina. Hamkazii macho. Hawali meza moja wala hawalali chini ya paa moja, na ndiyo sababu tangu mama afike shujaa wetu alikuwa akilala sakafuni kwa rafiki yake. Kitu cha kumpa hukiweka chini, akarudi nyuma, na mama akakiokota. Neno la kumwambia hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote wamo chumba kimoja na kila mmoja anasikia vizuri kabisa. Mimi sicheki. Nimeziona nyumba nyingi zilizovunjika kwa kukosa hatua tatu za heshima katikati.

Rafiki mwenye sakafu aliitwa Méthode, Mrundi, Mlinzi wa Malango, aliyelinda jengo la ofisi kule Marshalltown, mtu wa viatu vikubwa na maneno makubwa zaidi. Siku ya posa, kwa kuwa Ezéchiel hakuwa na ndugu mji huu, Méthode ndiye aliyesimama kama kaka yake mkubwa. Akazungumza na wajomba wa Carmel kwa simu, akausifu ukoo asioujua, akalia kidogo, akakubaliwa. Siku hiyo alikula wali na kuku akadhani kazi imekwisha. Hakujua kwamba alikwisha kupata mama mkwe.

Basi Mama Marcelline alikuwa na nadhiri. Kabla hajatoka Likasi alimwahidi Mungu kwamba akifika salama atapanda kilima na kuliombea tumbo la mwanawe, kama wafanyavyo waumini wetu wa hapa ambao kila Jumamosi utawaona wamejaa vilimani wakipiga kelele mbinguni. Ezéchiel aliposikia hivyo aliona mlango umefunguka. Kwa kinywa cha Carmel akatuma neno kwamba yeye mwenyewe atamwongoza mama hadi kilima cha Langermann, kule Kensington, ambapo kuna utulivu, na ukisimama juu unauona mji mzima, minara na vilima vya migodi na ndege zikitua. Kilima chenyewe, niseme ukweli, hata bibi wa Kizungu mwenye mbwa wawili hukipanda kabla ya chai.

Asubuhi ya Jumamosi Méthode akaja amebeba mwavuli mkubwa wa kazini, mweusi, wenye mpini wa mti. Alipouona, Ezéchiel aliangua kicheko, akasimama katikati ya njia, akanena:

"Ewe Méthode, ndugu yangu niliyepewa na simu, mwavuli wa nini? Mvua ya Julai? Hapa Joburg mvua ya Julai haijazaliwa, na mama yake hajaolewa! Likasi, Julai ni vumbi. Hapa, Julai ni vumbi. Mungu ni mmoja na vumbi lake ni moja. Rudisha hiyo nyumba ya popo."

"Sha, ndugu, mimi ni mlinzi," Méthode akajibu. "Mlinzi hauachi mwavuli, hata akienda kuoga."

Ndivyo walivyonena, na juu ya mnara wa Ponte kulikuwa na wingu dogo la kijivu, limesimama, linasikiliza.

Wakashuka wote wanne Kensington, kwenye barabara ile kuu ya maduka madogo, na hapo palikuwa na saluni ya Denise, shoga yake Carmel. Walipoanza kuingia kwenye mwinuko Carmel akashika kiuno, akahema. Mama Marcelline akageuka, akainua mkono kama jemadari.

"Wewe hapana. Wewe utarudi kwa Denise, utakunywa chai, utaweka miguu juu ya kiti. Tumbo haliendi kujiombea lenyewe."

Carmel akarudi, wale watatu wakaendelea, na hakuna aliyeiona hatari mpaka walipofika kona ya kwanza. Hapo Mama Marcelline alitaka kuuliza kama njia ni ya kushoto au ya kulia. Akafungua kinywa, akakifunga. Akamtazama Ezéchiel, yaani alitazama viatu vyake: mkwe. Akatazama viatu vya Méthode, akakumbuka simu ya posa: mkwe. Kinywa chao kilikuwa saluni kinakunywa chai. Walisimama watatu kwenye njia ya kilima, kila mmoja na lugha yake ile ile moja, na hapakuwa na wa kusema naye.

Na wakati huo huo, enyi ndugu, tone la kwanza likaanguka. Likaangukia pua ya Ezéchiel, na Méthode anaapa kwamba lilichagua.

Mvua ya Julai ikaja. Haikuja na ngurumo kama ile ya Desemba, inayopiga na kuondoka. Ilikuja taratibu, nyembamba, ya baridi, mvua ya kukaa. Méthode, bila neno, akaufungua mwavuli, akauweka chini kwa heshima, akarudi hatua tatu. Mama akauokota. Akasimama chini yake, akaufikiri, na uso wake ukang'aa kwa shauri jipya. Akauinamishia kichwa.

"Mwavuli," akasema, "uwaulize hawa wakwe njia iko wapi. Na uwaambie mguu wangu wa kushoto haupatani na matope."

Ezéchiel akashusha pumzi, akatazama chini, akainua sauti kama mjumbe mbele ya mfalme. "Ee Mwavuli, mwenye kivuli kipana, mjulishe mama mkwe kwamba njia ni ya kulia, na kwamba, kama anaogopa mvua, tunaweza kurudi leo na kuja siku nyingine."

"Mwavuli! Umwambie mimi sikumwahidi Mungu nitapanda kama kutakuwa jua. Njo vile. Tuendelee."

Wakaendelea. Méthode akatangulia, akipaza sauti ili mwavuli usikie: "Mimi ni mtoto wa Bururi! Kwetu milima inakaa juu ya milima mingine! Mimi nilijifunza kuteremka kabla ya kujifunza kutembea! Hiki kilima, kwetu, ni kitu cha kuanikia maharage!" Na hapo viatu vyake vikubwa vikapaa, akaanguka chali, akateleza kurudi nyuma akiwapita wote wawili, akawaaga kwa macho. Walirudi wakamkuta chini ya kichaka, amekaa, anapangusa kofia. Alisema alikuwa anakagua njia.

Wakapanda. Maji yakaingia viatuni, nyasi kavu za kipupwe zikageuka sabuni, na Ezéchiel, ambaye alikuwa amevaa koti lake, akainua kola. Koti hilo lazima nilieleze, maana ndilo upanga wa habari hii. Lilikuwa la sufu, rangi ya kahawa, alilishona mwenyewe, na ndani alilitia kitenge chekundu cha ndege. Wateja wengi walikuja kwake kwa sababu ya koti hilo tu; walilishika mkono, wakaligeuza ndani, wakasema, nishonee kama hili. Hakuwahi kuliazima kwa mtu. Hata Méthode alipokwenda kwenye harusi Pretoria aliomba akanyimwa.

Kileleni hapakuwa na mji. Minara, migodi, ndege, vyote vilikuwa vimefunikwa na ukungu, na kama usingejua ungedhani Johannesburg imehamishwa. Wale wanaume wawili wakasimama kando, wakageuza migongo kama ipasavyo, mvua ikiwapiga shingoni. Mama Marcelline akapiga magoti kwenye jiwe lililolowa, mwavuli juu yake, akaomba kwa sauti, kwa kuwa yeye hakujua kuomba kwa namna nyingine.

"Mungu wangu, mimi ni mama moja, na nina mtoto moja. Wewe unajua siku nilimzaa huyu Carmel. Baba yake alisema anaenda kutafuta teksi. Mpaka leo anaitafuta. Nililala pale kwa mkeka peke yangu, nikauma kitambaa. Sasa huyu mwanaume, ni mupole, anashona vizuri, sina neno. Lakini kushona ni kushona. Siku tumbo litaanza kuuma, huyu atabaki, ao naye atakumbuka teksi? Mimi sioni ndani ya mutu. Unionyeshe. Na uangalie ile tumbo, Baba. Amina."

Ezéchiel alisikia kila neno. Hakuwa amejua habari ya mkeka. Carmel hakuwahi kumwambia, na labda Carmel mwenyewe hakuambiwa. Alitaka kugeuka, apige magoti, aseme mimi nitabaki, mama, nitabaki hata mkinifukuza. Lakini sheria ni sheria, na mgongo ukabaki mgongo. Aliuma midomo tu, na maji yaliyokuwa usoni mwake hayakuwa ya mvua yote.

Kisha wakaanza kuteremka, na huko ndiko vita vilikokuwa vinawangoja.

Kwanza aliuawa Mwavuli. Upepo ulitoka upande wa Bedfordview kama mwizi, ukauingia kwa chini, ukaupindua ndani nje, ukaung'oa mkononi mwa mama, ukaupeleka juu, juu, ukautungika kwenye mti wa miiba ambako, nimeambiwa, mbavu zake zilionekana mpaka mwaka uliofuata. Pumzika, ewe Mwavuli! Ulitumikia lango na kilima, ulibeba maneno ya pande mbili bila kuyageuza hata moja, jambo ambalo wasuluhishi wengi wenye suti limewashinda. Méthode alivua kofia. Alijua atakatwa mshahara.

Pili likatokea Jiwe. Wakati wa kupanda walilivuka bila hata kuliona, jiwe pana lililolala mshazari juu ya njia; lakini sasa maji yalikuwa yanateremka juu yake, laini, yanang'aa. Ezéchiel akavuka. Méthode akavuka kwa makalio. Mama Marcelline akaingia hatua moja, mbili, akafika katikati, na ule mguu wa kushoto ukakataa. Akachuchumaa. Kisha akakaa chini kabisa, vitenge viwili ndani ya maji, na hakuenda mbele wala nyuma.

Ng'ambo ya jiwe wale wakwe wawili wakashika vichwa. Ezéchiel alinyoosha mkono kwa haraka, kama mtu yeyote angefanya, akaurudisha kama aliyeshika pasi ya moto.

"Tumwite Carmel," Méthode akanong'ona.

"Apande na tumbo lile?"

"Basi mimi nimbebe mgongoni, nimefumba macho. Kisichoonekana hakijatokea."

Kutoka katikati ya maji ikaja sauti, inalisemesha jiwe. "Jiwe! Umwambie huyo wa viatu vikubwa, akinibeba mgongoni nitamwuma. Na uwaambie wote wawili nina baridi, na nimeanza kukasirika."

Hapo Ezéchiel alilitazama jiwe kama fundi atazamavyo kitambaa kisichotosha. Alijitazama. Akaanza kufungua vifungo. Akalivua koti, akabaki na shati jembamba, na mvua ikamrukia kwa furaha. Akalilaza juu ya jiwe, mkono mmoja wa koti ukaelekea kwa mama, akarudi hatua tatu.

"Ee Koti," akanena, meno yakigongana, "nimekushona kwa mkono wangu, na mishono yako naijua mmoja mmoja. Mwambie mama mkwe ashike mkono wako wa kulia. Mimi nitashika wa kushoto. Katikati utakuwa wewe, na hakuna mtu atakayemgusa mtu."

Mama akalitazama koti. Hakulishika.

"Koti," akasema polepole, kwa maana sasa yalikuwa mashauri ya sheria, "wewe umetoka mwilini mwa mkwe sasa hivi. Bado una joto lake. Nikikushika, nimeshika nguo, ao nimeshika mkwe?"

Lo! Swali hilo, enyi wasikilizaji, lingewalaza wazee wa mabaraza juma zima. Lakini Méthode, mtu wa kuanguka na kuinuka, akajikohoza, akasogea mbele, akahukumu:

"Kwetu wanasema hivi." Kwao hawasemi hivyo, aliniambia baadaye, alilitunga pale pale. "Nguo ikipigwa na mvua kwa muda wa Baba Yetu moja, joto la mtu linatoka, inabaki nguo kama ya dukani. Jiwe, mwambie mama hivyo."

Mama akafikiri. "Baba Yetu mbili," akasema.

Wakaomba Baba Yetu, wote watatu, kwa sauti, koti limelala katikati linapoa. Waliiomba mara ya pili. Ezéchiel, katika shati lile, alifika "utupe leo riziki yetu" midomo ikiwa bluu, akaruka mstari mmoja, na mama akamsubiri aurudie. Amina iliposemwa, Mama Marcelline alinyoosha mkono, akaushika mkono wa koti. Ulikuwa baridi kama samaki. Ulikuwa nguo.

Ezéchiel akashika upande wake, akatega miguu kwenye nyasi, akavuta. Mama akainuka. Hatua moja. Koti likanyooka. Hatua nyingine. Méthode akaimba kitu cha Kirundi cha kuvutia magogo. Hatua ya tatu, mguu wa kushoto ukateleza, mishono ya bega ikasema *tra*, na Ezéchiel akajilaza nyuma kwa uzito wake wote, mpaka mama akatua kwenye nyasi, mzima, wima, bila kuguswa.

Na hapo ndipo nyasi zilipokatika chini ya shujaa.

Akaenda. Alienda kwa tumbo, ukingoni, ndani ya mfereji wa matope ulio kando ya njia, uso mbele, mkono mmoja umenyooka juu ukiwa bado umeshika mkono wa koti. Na mama, aliyeushika mwingine, akavutwa hatua moja kuelekea ukingo ule ule, akaukumbatia mti mdogo kwa kiwiko, akasimama. Mfereji huo, kwa heshima ya historia, unafika magotini. Nimekwenda kuutazama. Lakini mtu aliyejaa matope puani hana nafasi ya kupima.

"Achilia!" Méthode akapiga kelele. "Ezéchiel, achilia, sha! Hapo chini ni matope tu! Utaharibu koti!"

*Tra*, ikasema bega. *Tra.*

"Siachilii!" ikaja sauti kutoka matopeni. "Nikiachilia ghafla, yeye ataanguka nyuma, kwenye jiwe!"

Ndiyo kauli aliyoitoa, uso ndani ya tope, na wote wawili waliokuwapo wanakubaliana nayo neno kwa neno, jambo ambalo halijatokea tena. Hapo Mama Marcelline, mbebaji wa magunia ya unga, mama aliyezaa peke yake, akakaza meno. Akavuta. Alivuta kama avutavyo gunia kutoka ndani ya lori, mkono juu ya mkono, na Ezéchiel akatoka mferejini taratibu, tumbo kwa tumbo na Afrika, mpaka akafika nyasini. Bega la koti likafunguka lote. Lilishikwa na kitenge cha ndani peke yake.

Walitazamana. Sheria inakataza, lakini ilitokea, kwa muda wa kope moja. Kisha mama akauweka mkono wa koti chini, vizuri, akaunyoosha, akarudi hatua tatu, na yeye akaja akauokota.

Walirudi saluni. Denise alipowaona aliachia kitana. Akamkalisha Ezéchiel chini ya kile kikaushio kikubwa cha nywele, kati ya wanawake wawili wenye vibano, na tope likaanza kukauka usoni mwake na kupasuka. Carmel alitaka kumkimbilia, lakini mama yake alisimama mbele, maji yakimchuruzika, akakivua kilemba, akakikamua, akakivaa tena. Alikuwa na kinywa sasa, na akakitumia.

"Carmel. Umwambie mume wako."

"Ndiyo, mama."

"Umwambie nilimvuta kwa nguvu yangu yote. Mshono ulilia. Rafiki yake alimwambia achilia. Koti lake, lile ambalo hata mimi nimesikia hakopeshi mtu, lilikuwa linapasuka, na yeye analijua. Hakuachilia. Alisema, nikiachilia yeye ataanguka." Akapiga kitenge chake kofi, kama kukipangusa. "Mimi nilijua mwanaume moja tu. Yeye aliachilia bila kuvutwa. Sasa umwambie, basi la Jumatatu liende. Utazalia hapa."

Carmel akageuka kulipitisha neno kwa mumewe, kama ilivyo desturi, akafungua kinywa, na kilichotoka ni kilio. Ezéchiel, chini ya kikaushio, aliyesikia yote tangu mwanzo, akaanza naye. Wale wanawake wenye vibano, ambao hata Kiswahili hawakijui, mmoja Mzulu na mwingine wa Limpopo, wakamkumbatia pande zote mbili. "Eish, shame, baba," wakasema, yaani pole.

"Na umwambie pia," Mama Marcelline akaongeza, "mimi nitabaki mpaka mtoto azaliwe."

Mlangoni Méthode akahesabu miezi, akaitazama sakafu yake kwa macho ya moyo, akakaa chini polepole juu ya kapu la mataulo.

Basi liandikeni jambo hili, enyi wa Joubert Park, mpande ngazi nalo mkawasimulie walio juu: kwamba wafalme wamevuka mito na majemadari wameteka miji, lakini ni mmoja tu aliyemteremsha mama mkwe kutoka kilima cha Langermann, katika mvua ya Julai ambayo haipo, bila kumgusa wala kumwangusha. Tangu siku ile kila fundi wa nguo kando ya bustani humpisha Ezéchiel kwenye bomba la maji. Na mwezi wa Oktoba Carmel alizaa msichana, hapa hapa Johannesburg, na mtu wa kwanza kumsikia akilia alikuwa baba yake, aliyekuwa amesimama nje ya mlango wa chumba cha kuzalia tangu asubuhi, asiende popote, hata chooni.